Bastola ya Mahari Haitaki Kulia

Katika orodha ya mahari ya Blandine, mstari wa kumi na moja ulisema: bunduki moja. Haukusema bunduki ndefu, haukusema ya kuwindia nyati wala ya kutishia njiwa. Ulisema moja tu. Na Tata Beya, ambaye tangu utoto wake alipenda kupita mlango wa nyuma hata pale wa mbele ulipoachwa wazi, aliusoma mstari ule mara tatu, akavua miwani, akamwambia mpwa wake Kanku kwamba Mungu ni mwema.

"Baliandika fusil moya," alisema. "Urefu yake habakuandika."

Ndivyo bastola ile ilivyoingia katika ukoo. Tata Beya aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama Kolwezi, kwa njia halali kabisa, pamoja na kibali chenye mihuri mitatu. Ilikuwa bastola ya kujilinda, ile ya mfukoni, ndogo kiasi kwamba ukikunja vidole haionekani. Mwuzaji aliapa kwamba amekuwa nayo miaka minne na haijamsumbua hata siku moja. Tata Beya hakumuuliza kama katika miaka hiyo minne aliwahi kuipiga.

Kanku aliipokea kiganjani akaona wasiwasi unampanda. Yeye alikuwa fundi wa pampu kule mgodini Mutoshi, kijana wa miaka thelathini na moja aliyezoea kulala chini ya mashine, na kitu kimoja alikuwa anakijua vizuri: mashine ikifanywa ndogo, springi zake zinakuwa ndogo, njia zake zinakuwa nyembamba, na chembe ya mchanga inakuwa jiwe. Isitoshe, ilikuwa Julai. Julai Kolwezi vumbi la malori ya madini huingia hata ndani ya yai bichi.

"Tata, tuende tuipige mara moya kwanza," alisema. "Tuone kama inafanya kazi."

Tata Beya alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali kanisani.

"Kintu ya bukwe hatuonjake," alisema, akimaanisha kitu cha mahari. "Weye unaweza kupeleka mbuzi ku bakwe, ulishamukata muguu moya juu ya kuonja kama iko muzuri?"

Kanku akamrudishia bastola. Na kusema kweli, hakuna mtu katika ukoo ule wa Kasai aliyewahi kushinda mabishano na Tata Beya. Ndiyo sababu baba yake Kanku, mtu mpole wa kwaya, alikuwa amemwachia shemeji yake huyu maneno yote ya mahari. Maneno Tata Beya alikuwa nayo ya kutosha Lualaba nzima na mengine yakabaki.

Basi Jumamosi ikafika. Asubuhi, wakati wanafunga mizigo, mke wa Tata Beya, Mama Mianda, alimnong'oneza Kanku habari ya kumtuliza moyo. Ijumaa alikuwa ameipeleka ile bastola kwenye kikundi chake cha maombi. Akina mama saba waliiombea, na kila mmoja aliitilia mafuta ya upako kwa mkono wake.

"Mafuta kidogo?" Kanku aliuliza.

"Juu ya sanduku ya pagne tulitia kidogo," alisema Mama Mianda. "Lakini hii ni silaha. Tuliiongezea. Na chumvi kidogo mu tundu."

Kanku alitaka kuketi chini. Lakini gari lilikuwa linapiga honi, mbuzi alikuwa anakula tiketi ya mtu, na Tata Beya, ndani ya suti yake ya rangi ya maziwa, alikuwa tayari ameitumbukiza bastola kwenye mfuko wa koti, humo humo alimoweka karanga za kukaanga. Tata Beya haendi kwenye maneno marefu bila karanga. Alisema zinatia nguvu kwenye ulimi.

Nyumbani kwa bakwe, yaani wakwe, walipangiwa viti vya kukunja pande mbili za ua, upande wa mume kushoto, upande wa mke kulia, na katikati mkeka mmoja wa bwana arusi. Blandine alikuwa ndani, mlango umefungwa. Msemaji wa upande wa mke alikuwa shangazi yake, Mama Tina, mwanamke wa mwili na sauti, ambaye hakuanza hata kusalimia kabla ya kutoa sheria.

"Bwana arusi akae pale ku mukeka," alisema. "Leo hana kinywa. Banamusemea. Yeye akisema neno moya, ni kuku moya. Maneno mbili, kuku mbili."

"Na akikohoa?" aliuliza Tata Beya, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima kila upande.

Mama Tina alifikiri. "Kukohoa ni bure."

Kanku akaketi mkekani, akafunga mdomo. Alikuwa amengoja siku hii miaka mitatu. Miaka mitatu ya kukusanya pagne za kitenge, sufuria, magunia ya chumvi, taa, jembe, kofia ya mzee na viatu vya mzee, huku Blandine akimtumia ujumbe kwenye simu kila jioni kumwuliza wamefikia mstari wa ngapi. Leo mistari yote ilikuwa imekamilika. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza hakuhitaji ufundi.

Vitu vilitolewa kimoja kimoja, vikapokewa. Mbuzi alisifiwa pembe. Pagne zilinuswa, zikavutwa, zikakubaliwa. Ndipo mstari wa kumi na moja ukasomwa, na Tata Beya akasimama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa bastola na kuiweka juu ya sahani yenye kitambaa cheupe. Akakaa. Ua mzima ukanyosha shingo.

"Iko wapi?" akauliza mama mmoja wa nyuma.

"Iko pale ku sahani," jirani yake akamwambia.

"Mi naona briquet."

Watu wakacheka, maana kweli ilifanana na kiberiti cha gesi. Hata Kanku angecheka kama bei ya kicheko ingekuwa imetajwa. Lakini mtu mmoja hakucheka, na huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Tata Mwenze, baba mdogo wa Blandine, aliyemlea binti huyo tangu ana miaka sita, baba yake mzazi alipofariki, alikuwa mzee mwembamba, mstaafu wa reli kutoka Lubudi, mpole, mwenye kuongea polepole. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na Blandine, na kila jioni walikula bukari, ugali wa kwao, meza moja wakibishana kama chumvi ya mboga inatosha.

Aliichukua bastola, akaipima uzito mkononi, akairudisha.

"Mudogo, lakini ni bunduki," alisema. "Mi nakubali. Sasa ilie."

"Ilie namna gani?" Tata Beya aliuliza.

"Kwetu, bunduki ya bukwe inapashwa kulia mbele ya bantu bote. Ikilia, mutaa muzima unajua mutoto anaenda, na mulango unafunguka. Haikulia, tunakunja biti, tunarudia mwaka inayokuya, mwezi kama huu. Ni vile bakubwa bananiachia."

"Ile haikuwa ku liste."

"Ku liste tuliandika bunduki," alisema Tata Mwenze bila kupandisha sauti. "Bunduki yenye hailie ni nini? Ni nyundo."

Mwaka. Mwaka mwingine mzima wa kutumiana ujumbe na kuulizana mstari. Kanku alitazama mlango uliofungwa, akajua Blandine yuko nyuma yake na sikio limegusa mbao, kwa sababu Blandine hakuwa mtu wa kungoja habari zimfuate.

Upande wa nyuma wa ua kulikuwa na fungu la mchanga lililobaki walipojenga choo. Watu wakahamishwa, watoto wakaingizwa ndani, na Tata Beya akasimama mbele ya mchanga. Alipanua miguu, akanyosha mkono, akafumba macho yote mawili, akafyatua.

Ka.

Ilikuwa sauti ya mtu kuvunja biskuti. Mbuzi aliinua kichwa, akatazama, akarudi kwenye majani yake. Tata Beya akafumbua jicho moja, akaona mchanga haujatikisika, akaigeuza bastola na kuchungulia ndani ya mdomo wake. Upande wote wa kulia wa viti ukalala chini kwa pamoja. Tata Mwenze alivuka ua kwa hatua tatu, akaushika mkono ule na kuuelekeza mchangani.

"Tata Beya," alisema kwa upole. "Ile tundu njo risasi inatokeaka."

"Mi nilijua," alisema Tata Beya. "Nilikuwa naicontrôler."

Akaushika mgongo wa bastola, akauvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Pamoja na risasi, ikatoka karanga. Nusu karanga, na ganda lake jekundu bado limeshikilia. Ilianguka chini, na mmoja wa kuku wa mahari, ambaye hakujua heshima ya siku, akaja mbio akaila.

"Inatapika kalanga," Mama Tina aliutangazia ua.

Tata Beya akajifanya hakusikia. Akatoa kile kisanduku cha risasi, akakipuliza, akakirudisha kwa kukipiga na kiganja, akalenga tena. Kabla hajafyatua, kisanduku kikateleza chenyewe kutoka kwenye mpini, kikatumbukia katika ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, iliyokuwa miguuni pa mabibi. Mama mmoja akatumbukiza upawa, akavua mara mbili bila kupata, mara ya tatu akakipata, akakipangusa kwa pagne yake na kukirudisha akiwa amepiga magoti yote mawili kama inavyompasa mtu anayempa mkwe kitu. Munkoyo ikaendelea kugawiwa. Ilikuwa nyingi, na watu wa Kolwezi hawamwagi munkoyo kwa sababu ya risasi sita.

"Inakosa mafuta," alisema Mama Mianda, na kabla mtu hajamzuia alikuwa amekwisha kufungua pochi, ametoa kichupa, ameitilia.

Safari hii bastola haikufanya hata ka. Kanku, aliyekaa chini mkekani na macho yake yakiwa sawasawa na mkono wa mjomba wake, aliona kila kitu. Mgongo wa bastola haukuwa umerudi mpaka mwisho. Ulikuwa umesimama njiani, umebakiza nafasi ya ukucha. Mafuta ya akina mama saba yalikuwa yameshika vumbi la Julai na chumvi na unga wa karanga, yakawa uji, na ile springi ndogo haikuwa na nguvu ya kuusukuma uji. Angekuwa Mutoshi, kazi hiyo ingemchukua dakika tano na kipande cha kitambaa.

Lakini hakuwa na kinywa. Basi akakohoa. Alikohoa mara moja, kwa maana, akiitazama bastola na kupangusa kiganja kimoja kwa kingine. Hakuna aliyemwelewa. Akakohoa mara tatu, akikunja uso na kuonyesha kwa kidevu. Mama Mianda akamletea maji. Akakohoa akiwa bado anameza maji, yakampalia, na sasa kikohozi kikawa cha kweli, machozi yakamtoka, na baba yake wa kwaya akaanza kumpiga mgongoni.

"Bamupeleke ku choo," Tata Beya aliagiza. "Ni woga."

Hapo Kanku alikasirika. Alikuwa amevumilia karanga, amevumilia munkoyo, lakini kupelekwa choo mbele ya bakwe kwa kosa la bastola ya mtu mwingine, hapana. Alihesabu maneno kichwani, akayapunguza, akayapunguza tena, akasema:

"Fungua. Pangusa. Mafuta yote. Kausha."

"Kuku tano," alisema Mama Tina papo hapo, akionyesha vidole vya mkono mzima.

Tata Beya aliitazama bastola kama mtu anayetafuta kifungo cha redio. Ni Tata Mwenze aliyenyosha mkono na kuichukua. Aliketi, akaomba sahani, akaomba kitambaa. Kitambaa kilichokuwa karibu ni leso ya hariri ya mfuko wa juu wa Tata Beya, ile ya zambarau, naye hakuwa na namna ya kukataa. Mzee akatoa risasi kwanza, akahakikisha kwa kidole kwamba hakuna iliyobaki ndani, kisha akaifungua bastola vipande vinne bila hata kuitazama.

Kanku alisahau hofu yake kwa muda. Ilikuwa raha kutazama. Vidole vile vizee vilijua kila kona. Vilisafisha springi, vikapitisha ncha ya leso kwenye mtutu, vikachokoa ganda la karanga kwa kijiti cha meno. Kisha mzee akapanga risasi sita juu ya sahani. Zilikuwa zimeota ukijani, ule wa shaba iliyozeeka, ambao Kolwezi kila mtu anaujua. Akazikagua moja moja, akachagua tatu zenye afya afadhali.

"Miaka makumi tatu nilikuwa nawinda ku Lubudi," alisema, kama anayejibu swali ambalo halijaulizwa. "Nilikuwa natoka ku gare ya treni, naenda mu pori."

Akaifunga. Mgongo wa bastola ukarudi mbele na kulia cha, sauti safi, sauti ya mashine iliyopona. Tata Mwenze akasimama, akaenda mbele ya mchanga, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu hata aliyewahi kuona bunduki kwenye televisheni tu aliweza kuona kwamba huyu anajua kusimama. Akalenga. Akafyatua.

Kimya.

Akavuta mgongo, akalenga tena. Kimya. Akavuta, risasi nzima ikaruka nje, akaweka nyingine, akafyatua mara ya tatu. Hakuna.

"Wapi," alisema taratibu. "Haitaki."

Upande wa kulia watu wakaanza kuinuka na kukunja viti. Tata Beya aliketi juu ya gunia la chumvi ya mahari, suti yake ya maziwa imechafuka magotini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Mama Mianda alikuwa ameanza kuomba kwa sauti ya chini, kichupa kikiwa mkononi.

Kanku alikuwa hasikii hayo. Alikuwa anasikiliza kitu kingine. Kwa mjomba wake, bastola mbovu, yenye karanga na uji, angalau ilifanya ka. Kwa mzee, bastola safi haikufanya kitu. Mashine haiponi ikazidi kuugua. Akatazama vizuri, kutoka pale chini mkekani ambapo yeye peke yake aliweza kuona, akauona mkono wa Tata Mwenze. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya kile kitasa kidogo cha ubavuni, kitasa cha usalama, ambacho kikipandishwa juu bastola haiwezi kufyatuka hata ukiivuta mpaka kesho. Kilikuwa juu. Kwa Tata Beya kilikuwa chini, Kanku alikumbuka kabisa. Mtu aliyewinda miaka thelathini hasahau kitasa mara tatu.

Kwanza alishikwa na hasira. Kuku watano, miaka mitatu, kiangazi kizima cha kulala chini ya pampu ili kupata viatu vya mzee huyu, na mzee huyu anawachezea. Maneno yalimjaa mdomoni. Angeweza kusema matano tu na kila mtu angegeuka kutazama kidole kile.

Akauangalia uso wa mzee. Tata Mwenze hakuwa anautazama mchanga. Alikuwa anautazama mlango uliofungwa. Aliuangalia kwa namna ambayo Kanku mwenyewe alikuwa ameuangalia asubuhi nzima. Bastola ikilia, mlango utafunguka, na jioni bukari italiwa na mtu mmoja. Kanku alimwonea huruma, huruma iliyomwuma kweli kweli, na hasira yote ikamtoka. Mutoshi si mbali, kwa pikipiki ni kitambo kidogo tu. Lakini mbali ni mbali kwa anayebaki.

Akasimama mkekani. Tata Beya akainua mikono kumzuia.

"Tata Mwenze," alisema Kanku. "Mi nitangoya. Kama ni mwaka moya, mwaka moya. Kama ni mbili, mbili. Blandine abakie na weye kwanza. Bunduki tuiache ipumuzike, na weye pia. Mi siendi mahali."

Mama Tina alikuwa anahesabu kwa vidole. Alimaliza mkono wa kwanza, akamaliza wa pili, akatazama uso wa kaka yake Tata Mwenze, akashusha mikono yote miwili mapajani na kuacha.

Tata Mwenze alimgeukia Kanku, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akakitazama kidole chake mwenyewe, kisha akamtazama Kanku tena. Wakaelewana. Kanku alihisi masikio yakimwaka moto, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

"Weye ni fundi ya nini?" mzee aliuliza.

"Ya pampu, Tata."

"Macho yako iko muzuri."

"Ni kazi inanifundisha, Tata."

"Na hukusema kintu."

Tata Mwenze akatikisa kichwa, akavuta pumzi, akaugeukia mchanga. Kanku aliona kidole gumba kikishuka, polepole, na kitasa kikishuka nacho. Mzee alinyosha mkono. Hakuutazama mlango tena. Akafyatua.

Ka.

Risasi ile yenye afya afadhali, aliyoichagua kwa mkono wake mwenyewe, haikuwaka. Kila mtu aliisikia ile ka, ndogo na kavu. Kule nyuma Tata Beya alitoa mguno wa mtu anayekufa. Mzee alibaki amenyosha mkono kwa kitambo, bastola ikielekea mchangani, akingoja kama risasi itawaka kwa kuchelewa. Haikuwaka. Alipandisha kitasa kwa uangalifu, akatoa risasi zote, akazitia mfukoni, akaiweka bastola tupu juu ya sahani, akaifunika kwa leso ya zambarau. Kisha akawageukia watu.

"Mulisikia?" aliuliza.

Watu wakautazama mchanga, haukuwa na tundu.

"Mi nilisikia," alisema Tata Mwenze. "Imelia. Mu matata yote ya kuzeeka, masikio yangu haijakufa. Mulisikia ao hamukusikia?"

Mama Tina alikuwa wa kwanza kushika maana. Alikuwa mwanamke mwepesi licha ya mwili wake. Alirudi nyuma hatua mbili, akaweka kiganja kifuani, akaketi kwa kishindo.

"Yesu wangu," alisema. "Imenishitua moyo."

"Mi imeniziba hii sikio," alisema mama wa upawa, akilishika la kushoto.

"Hata ku gare banaisikia," alisema mwingine.

"Ni kelele ya fusil mukubwa," alisema Tata Beya, akainuka kutoka kwenye gunia la chumvi, na sauti ikamrudia yote kwa mpigo mmoja. "Mi niliwaambia. Nilisema hii kintu, musiione udogo yake. Moshi hiyo yote, munaiona moshi?" Akaanza kuupeperusha kwa mkono, na baba yake Kanku, mtu wa kwaya ambaye hakuwahi kusema uongo maishani mwake, akakohoa kwa sababu ya moshi.

Mbuzi tu ndiye aliyeendelea kula.

Hapo mlango ukafunguliwa. Blandine alitoka ndani ya pagne yake mpya, vidole viwili vimeziba masikio, amekunja uso kama mtu aliyepigiwa baruti dirishani, na machoni alikuwa amelowa.

"Tata," alisema, "ni kelele gani hii? Batu banalala mu mutaa."

Akina mama wa pande zote mbili wakapiga vigelegele mpaka kuku wa mahari wakatawanyika chini ya viti. Kanku alijisogeza pembeni ya mkeka kumwachia nafasi. Lakini Blandine hakuja mkekani kwanza. Alikwenda kwa Tata Mwenze, ambaye alikuwa amesimama bado karibu na mchanga na sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta, akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti, akavuta kiti kingine akaketi naye. Akamwambia kitu sikioni. Mzee akatikisa kichwa, akasema chumvi ya mboga Blandine alikuwa anatia kidogo sana siku zote, na Blandine akamwambia si kweli.

Kanku akabaki peke yake mkekani, akangoja. Alikuwa amekwisha kuahidi mwaka mzima, na dakika hizi chache hazikumwuma hata kidogo.